Mtori wa Paka Mzazi

Shirimatunda, Moshi

Dada Theodora,

Shikamoo. Natumaini mwanao mzazi na mjukuu wako hawajambo huko Dodoma, na mtoto ananyonya vizuri. Sisi tu wazima. Mvua imenyesha, na migomba yako bado hainilalamikii.

Kuna jambo lazima ulijue kabla hujarudi, na kwenye simu nimeshindwa kulisema. Ni habari ya paka wako uliyeniachia. Alipozaa watoto wanne, nilifanya alivyofanya mama kwa kila mzazi: nilimpikia mtori wa ndizi na nyama. Aliunusa, akanitazama kama ulivyokuwa ukinitazama nikiimba kwaya, akaondoka. Maziwa yakawa machache, watoto wakalia.

Nikaenda mjini, duka la dawa za mifugo. Kumbe chakula kikavu cha paka kina aina nyingi kuliko unga wa uji! Nikachagua mfuko wenye picha ya paka mnene kuliko wote. Nilidhani unene unaambukiza. Wiki ikapita, watoto wakazidi kukonda, nikarudi. Yuditha, muuzaji, alicheka mpaka akashika kaunta. Akasema ule ni wa paka waliohasiwa, wanaopunguzwa uzito. Akanifundisha kusoma nyuma ya mfuko: cha kwanza kutajwa kiwe nyama au samaki, si mahindi, na iandikwe kuwa ni cha watoto wa paka, maana hata mama anayenyonyesha hula hichohicho. Nilipotaja mtori, akauliza kama niliweka kitunguu. Nikamwuliza mtori bila kitunguu ni wa kanisa gani. Hapo hakucheka tena: kitunguu ni sumu kwa paka.

Sasa mama anatafuna punje zake, na watoto nawalowekea kwa maji ya uvuguvugu. Nilionja moja. Ni dagaa mtupu, ila usimwambie mtu.

Lakini watoto ni watatu, dada. Nilikuambia mbwa wa jirani yetu Praygod ndiye aliyemla wa nne, nawe ukaacha kupokea simu zake. Nilikudanganya. Alikufa kwa njaa mikononi mwangu, wiki ile ya paka mnene, nikamzika kwenye kahawa. Niliona aibu, mtu mzima kushindwa na paka. Jana Praygod alikuja kunipa pole. Kumbe uongo wangu ulimfikia, na tangu siku ile mbwa wake yuko kwenye mnyororo.

Nikishafunga bahasha hii naenda kwake kumweleza, na kumwomba nimfungue mbwa kwa mkono wangu. Nawe mpigie, tafadhali.

Nibebee mjukuu, umwambie mjomba wa mama yake anamsalimu.

Mdogo wako mkosaji,
Eliakim