Ngozi ya Mito Imekwenda Kibombo

Baba,

Najua ungeuliza habari za chuo chako cha Kurani kabla ya habari za nyumbani, basi nianze huko. Watoto wanakuja. Wasichana wangu wa barazani ni walewale, wachache wanasoma, waliobaki wanapiga kelele. Wavulana wako sasa anawafundisha Kaka Saidi. Hawachapi kama wewe, nao wameshamjua. Mama yumo edani. Haongei sana, lakini mtumbwi wa Lokandu ukija yeye ndiye wa kwanza kusikia makasia, halafu anauliza nani amefika.

Kilichonikalisha chini nikuandikie ni ile ngozi yako. Unakumbuka ulivyohangaika kuichora ramani yake, mito yote na miji yote, kuanzia pwani ulikozaliwa hadi Lwalaba hapa mlangoni kwetu, na Makka juu kabisa. Ngozi moja, vyuo vitatu. Ikishafundishiwa hapa Kindu inashuka Lokandu, ikitoka huko inapanda Kibombo, na kila mwalimu anaongeza kitu anachokijua kwa miguu yake mwenyewe. Ulipofariki ilikuwa kwetu, imetoka Lokandu, zamu ya Kibombo imefika.

Saidi akaikunja akaifungia ndani ya kasha. Usimkasirikie. Mvua za mitumbwini zilikuwa zimekula wino, na vidole vya watoto vimeifuta Kindu karibu yote. Akaniambia, "Kanzu zake tumegawa. Mwandiko wa Baba utauona wapi tena?" Nami, Baba, sikumbishia hata kidogo. Nilikuwa nauchukua ufunguo wake kwa siri, nalifungua lile kasha ninapokuwa peke yangu, naigusa tu, nalifunga. Lokandu walituletea samaki wa kukaushwa na salamu za pole, wakauliza kwa adabu kama ngozi ingali inatembea. Tulipokea samaki, tukawauliza habari za safari.

Kisha akaja mwalimu wa Kibombo mwenyewe kutupa pole. Alikula, akakusomea dua, hakutaja ngozi. Alipokuwa anavaa viatu ndipo akasema, kama mtu anayesema habari za mvua, kwamba watoto wake wakimuuliza Makka iko wapi anawaonyesha kwa kidole tu. Akaaga akaondoka. Saidi alibaki amesimama pale mlangoni, na mimi nikajua anawaza nini, kwa sababu na mimi nilikuwa nawaza hilohilo.

Ulikuja na kibla chako kutoka pwani, Baba. Kule kwenu Makka iko kaskazini moja kwa moja, basi na hapa ukatandika mkeka kaskazini moja kwa moja, na Kindu nzima ikakufuata. Nani angembishia mtu wa pwani? Mpaka ngozi iliporudi kutoka Kibombo imechomekwa miiba na nyuzi mbili, mmoja umetoka Unguja kwenda Makka, mwingine umetoka kwetu. Hapakuwa na neno lolote juu yake. Lakini hata mtoto angeona kwamba uzi wetu umelalia mashariki. Ulinuna mchana kutwa, hata wali wa Mama uliukataa, na wewe na wali! Ijumaa ukasimama mbele ya watu wote, ukaugeuza mkeka, ukasema, "Nimewapoteza miaka yote hii, tena mkinipa heshima kubwa." Watu walicheka hadi imamu akawakemea. Njiani tukirudi ulituambia mimi na Saidi kwamba kama ngozi ingekaa kwako tu, ungekufa na kosa lako.

Asubuhi baada ya mwalimu wa Kibombo kuondoka, Saidi alinipa ufunguo wa kasha. Hakunitazama. Alisema ngozi haiwezi kwenda hivyo, Kibombo hawataona mto, na mwandiko wangu ni mzuri kuliko wake. Nikasaga masizi, nikachanganya na gundi kama ulivyonifundisha. Mama akavuta mkeka wake karibu yangu. "Polepole, mwanangu," akaniambia. "Hapa njo alikuwa anapindisha mukono."

Na kweli ulipindisha. Nilipita juu ya mstari wako kuanzia Kibombo, nikateremka nao, na kila ulipokandamiza kalamu ngozi ilikuwa na kijishimo, ncha yangu inatumbukia. Nilijua ulipopumzika. Nilijua pale ulipochoka. Machozi yalinijia nikainua uso juu yasidondokee wino, na Mama akanishikia ngozi isicheze mpaka nikaweza kuendelea. Kindu niliiandika mwisho, kwa herufi kubwa, maana ndiyo watoto wetu watakayoifuta tena.

Leo Saidi aliibeba mwenyewe hadi mtumbwini, akaiviringisha ndani ya mkeka wake mpya, akawaambia wapiga makasia waiweke mahali pakavu. Aliwaambia, wakaitikia, akawaambia tena. Mtumbwi ulipokata kona alirudi chuoni kufundisha.

Kwaheri, Baba. Mungu akulaze pema. Nakuahidi ngozi haitafungiwa tena nikiwa hai, na wino ukififia nitautia mwingine. Ila nikwambie ukweli wote. Nilipomaliza niliinamia ngozi nikautafuta mwandiko wako, hapa na pale, nikaukosa. Umebaki mwandiko wangu. Lakini mto unasomeka, Baba, hata ukiwa mbali.

Uwe radhi nami.

Binti yako,
Zuhura