Kuku Amelalia Ruta

Jenista na Lusubilo,

Nimekwenda Mlowo kuuza maharage. Viazi vimo kwenye sufuria nyeusi, mbakizieni baba yenu. Yule kuku mwekundu wa jiko la nje asiguswe.

Mlimsikia baba yenu asubuhi. Alikuwa chumba cha uani, anahutubia kikao cha ushirika wa kahawa kwa simu, mtandao ukakata na wajumbe wakamwona ameganda mdomo wazi. Akatoka mbio kuniambia, mbele ya mama mchungaji, kwamba nimechomoa ruta ya pili ili nichaji simu yangu. Kwa heshima ya mgeni nikaendelea kumimina chai.

Mgeni alipoondoka nikaenda jikoni kuangalia. Ruta hiyo aliinunua ili mtandao ufike uani, akaiweka ndani ya kapu na kulitundika ukutani isipate moshi. Kapu, jiko wanamolala kuku, na baridi hii ya Mbozi. Halafu kitu chenyewe kina joto. Nimemkuta kuku mwekundu ametulia juu yake kama kajengewa. Katika kuchakura alale vizuri, ameuchomoa waya.

~~Mtoeni, mrudishe waya.~~ Mwacheni, ana mayai. Atatoka akiangua.

Baba yenu akiulizia mtandao, mpelekeni jikoni akamwone aliyechomoa. Kikao cha kesho akifanyie sebuleni, na kabla ya ajenda awaeleze wajumbe kilichotokea. Mama mchungaji nitamwalika mimi.

Mama yenu, ambaye simu yake ilikuwa imejaa chaji tangu jana.