Sauti ya Mukwe

Kasongo, Ijumaa

Mudogo wangu Iliasi,

Salaam alekum. Nakusalimia sana, na mume wangu Mahamudu anakusalimia. Uko muzima? Unakula? Kile kifua chako kimepoa? Sisi tuko, watoto wazima, ila mimi situlii. Nimeanza barua hii asubuhi, nikaiacha, nikaenda mulangoni kuangalia kama Djamali, atakayekuletea barua hii, ameshawasha pikipiki yake ya kuja huko kwenu mgodini Salamabila, nikarudi. Usishangae mwandiko.

Habari ni ya macho ya Mama. Tulimutoa kijijini Wamaza aje kukaa nyumba yetu ndogo ya nyuma, maana munganga alisema presha ya macho itamupofusha asipotia matone kila siku. Chupa ziko za namna mbalimbali, na mimi kutwa niko sokoni. Basi shirika moja la vipofu likatupa telefone inayosema: saa ya dawa ikifika, inamuambia ashike chupa gani, atie jicho gani. Kifaransa kilikuwamo, Kiswahili kilikuwamo, Kibangubangu hapana, na Mama Kiswahili anakisikia nusunusu. Wakatafuta mutu wa kutoa sauti, na kila mutu akamutaja Mahamudu, anayetangaza vilio, habari za misiba, redioni. Bwana huyu akavaa shati la Idi kwenda kusema kwenye mashine, kana kwamba wangemuona. Tulijivuna wote, wapumbavu sisi.

Mama alishukuru. Lakini macho yakazidi kufifia, munganga akanigombeza kana kwamba dawa nazimwaga mimi. Nikimuuliza Mama kama anatia matone, ananijibu kwamba telefone inasema vizuri sana.

Juzi mvua ilinirudisha nyumbani mapema. Nikamukuta nje, amejibanza ukutani na kitenge kichwani, amelowa, na ndani telefone inajisemea peke yake. Nikamuuliza kwa hasira amepatwa na nini. Akajibu taratibu kwamba hawezi kukaa chumba kimoja na mukwe wake, sembuse mukwe huyo kumuamuru afungue jicho. Nikasema ile ni mashine. Akasema mashine haikohoi kama Mahamudu kabla ya kusema. Unajua mwenyewe, Mahamudu akimuona Mama njiani huingia kichakani kwa heshima, na sisi tukamuweka kando ya kitanda cha Mama.

Kibangubangu changu unakijua, nakisikia ila kukisema kunanishinda, maana nililelewa mjini kwa shangazi. Nilijaribu kutoa sauti badala ya Mahamudu, Mama akacheka mpaka akashika mbavu, lakini chupa hakuijua. Wewe ulikulia kwake. Maneno ya kusoma yako humu ndani pamoja na kadi ya telefone. Tia kadi kwenye telefone yako, uyasome kwa Kibangubangu sauti yako ibaki humo, polepole, mbali na mashine za kusaga mawe ya dhahabu, umurudishie Djamali kadi. Jicho la kushoto limeshakwenda. La kuume munganga anasema bado linaweza kubaki.

Sasa niseme kinachonizuia kukaa. Mama anaamini umekufa. Tangu shimo lile la dhahabu lilipoangukia watu huko hukuleta neno, naye aliacha kuuliza. Kila Ijumaa anakuombea dua ya marehemu, mimi najifanya sisikii. Djamali anasema alimuona mutu wa kimo chako akipakia mifuko, hakuwahi kumuita. Nami naandika bila kujua kama kuna wa kuifungua bahasha hii. Kama uko, usianze na chupa. Anza kumuita Mama, taja jina lako, ndipo useme dawa.

Watoto wanamusalimia mujomba wao. Mungu akuweke, popote ulipo.

Dada yako, niko mulangoni,
Faridah