Kengele ya Karakana ya Sare

4 Februari

Shikamoo Bibi,

Ninaomba barua hii ikukute umekaa, miguu imeacha kuvimba. Na Babu, mume wetu, hajambo? Bado anakoroma? Kuzaliwa kiziwi kumenipa mambo machache ya kushukuru, na kukoroma kwake ni la kwanza.

Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa. Nimeondolewa kwenye cherehani.

Karakana yetu ya sare za shule imepata msimamizi mpya, mtu mpole, amenyooka kwa pasi mpaka soksi. Siku ya kwanza alipita kwa kila mshonaji. Kwangu alisimama, akaipindua kola niliyoimaliza, akaitazama ndani na nje, akaridhika. Siku ya pili akaniita na kuniandikia kwenye kipande cha karatasi: kengele ya moto ikilia wewe hutaisikia, utaungulia humu. Kuanzia leo utakaa nje kibarazani ukate nyuzi zinazoning'inia. Akaongeza chini yake: ni kwa usalama wako.

Basi nakaa kibarazani na mkasi. Cherehani yangu kapewa msichana ambaye kola zake zinasimama kama masikio ya sungura. Mama Pacha, jirani yangu wa siku zote pale ndani, hunitolea chai na kunipapasa bega. Namshukuru, lakini huruma haishoni nguo.

Wewe ndiye uliyenikalisha kwenye cherehani yako wakati miguu yangu haijafika kwenye kanyagio. Nikiondolewa hapo, Bibi, katika mji huu nabaki kuwa yule kiziwi tu. Nimeomba ruhusa ya kesho. Kuna ofisi ya tume ya haki za binadamu juu ya duka la rangi, karibu na posta. Nitapanda zile ngazi nikawaeleze.

Mjukuu wako,
Mke mdogo

15 Februari

Mke mwenzangu,

Marahaba. Sisi tupo, tunasukuma siku. Miguu inavimba ikitaka, inapungua ikitaka, haina adabu. Mume wetu ni mzima, na nina habari njema: ameacha kukoroma. Sijui ni uzee au ni dua zangu. Nalala usingizi wa mtoto. Tatizo ni kwamba siku hizi anaongea kama mtu aliyejaza maji mdomoni, na nikimwambia rudia, ananuna.

Sasa huyo msimamizi wako. Nimesoma barua yako nikaiweka chini, nikaichukua tena. Mimi nilikufundisha kushona kola, sikukufundisha kukaa kibarazani. Kwa usalama wako! Hata kuku hufungiwa bandani kwa usalama wake, na mwisho wake tunaujua.

Tena kuna jambo silielewi. Mimi hapa nina cherehani moja tu, na nikishakanyaga, mume wetu anaweza kuomba chai mpaka koo likauke, simsikii mpaka aje asimame mbele yangu. Ninyi humo mna chumba kizima cha cherehani. Hebu niambie, hiyo kengele yao ina koo gani?

Umefanya vizuri kwenda kwenye hiyo tume. Niandikie walivyokupokea.

Bibi yako,
Mke mkubwa

20 Machi

Shikamoo Bibi,

Hamjambo? Mimi nipo. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilitaka kukuandikia habari njema, nikasubiri, haikuja.

Pale tume nilipokewa vizuri. Afisa mmoja mwanamke, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja, alinipa kiti na kalamu tukaandikiana. Aliniambia tume si polisi, haikamati mtu. Huchukua malalamiko, huwaita wa pande zote mbili, huwakalisha meza moja, na wakikubaliana jambo huandikwa na kufuatiliwa. Nilitoka pale natembea kichwa juu. Nilimwonyesha Mama Pacha kidole gumba tangu mbali.

Kisha kimya. Jana nikaenda kuuliza. Yule afisa, mimi namwita Miwani, hakuwapo, alikuwapo karani wa mapokezi. Akatafuta jalada langu, akanionyesha juu yake: limefungwa, mlalamikaji hapatikani. Nikamwandikia, sipatikani vipi na nipo hapa? Akaandika: tulikupigia simu mara nyingi kukuita kwenye kikao, hukupokea.

Bibi, walinipigia simu. Mimi. Nilikuwa nimeziona zile simu na namba nisiyoijua, nikatuma ujumbe kuuliza ni nani, haukujibiwa, kumbe ni simu ya mezani. Yule karani aliposoma alichokiandika mwenyewe, hata hakuona kitu. Nilishuka ngazi nikakaa mbele ya duka la rangi, nikalia mpaka muuzaji akaniletea maji.

Kama waliowekwa kututetea hawatuoni, nitamlalamikia nani? Nafikiria kurudi nyumbani. Nitakusaidia vifungo.

Mjukuu wako,
Mke mdogo

28 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba. Salamu za mume wetu, alinipa akiwa mlangoni, sikuzipata zote ila nadhani zilikuwa nzuri.

Kurudi nyumbani ni ruhusa. Mlango huu ni wako, na vifungo vipo vya kutosha. Lakini usirudi ukiwa umefukuzwa na simu ya mezani. Rudi ukiwa umechoka, au umeolewa, au umenikumbuka. Sababu hizo nitazipokea.

Nisikilize, na najua neno hilo kwako ni utani. Huyo karani hakukukusudia ubaya. Aliyekukosea kwa makusudi ana kazi ya kubadilika. Aliyekukosea bila kujua anahitaji kuonyeshwa tu. Panda tena zile ngazi. Usimtafute karani, mtafute huyo mwenye miwani ya uzi. Mwekee simu yako mezani, azione hizo simu zao kwa macho yake, halafu umtazame.

Na ukishaipata nafasi, waulize lile swali langu la kengele. Hujanijibu na linaniwasha.

Bibi yako,
Mke mkubwa

6 Mei

Shikamoo Bibi, shikamoo tena,

Leo nakuamkia mara mbili, ya pili ni ya shukrani. Kaa kwenye kiti kizuri, ni ndefu. Nakuandikia nikiwa nimetoka kazini, na vidole vinanuka mafuta ya cherehani. Yangu.

Nilipanda ngazi kama ulivyosema. Nikaweka simu mbele ya Miwani. Alisoma, akavua miwani, akajifunika uso kwa mikono miwili. Nilidhani anaumwa. Kisha akalichukua jalada langu na kulifungua upya, halafu akavuta karatasi nyingine, akaandika kwa mkono wake malalamiko mapya. Nikachungulia. Mlalamikaji, mimi. Mlalamikiwa, ofisi ya tume, yaani yeye mwenyewe na karani wake. Akanisogezea nitie sahihi. Bibi, nilicheka mpaka karani akaja kutazama, naye akaelezwa, naye akaiva uso. Sasa mlangoni kwao kuna tangazo lenye namba ya ujumbe wa maandishi, na karani ndiye anayejibu. Siku hizi ananiandikia hata kunijulia hali.

Siku hiyo hiyo nilimwonyesha barua yako, pale ulipouliza koo la kengele. Aliisoma mara mbili. Akaniuliza kama anaweza kuja na swali lako karakanani.

Alikuja na mkalimani wa lugha ya alama, kijana mwembamba mwenye mikono inayosema vizuri kuliko midomo mingi. Hawakufika kwa kelele. Walimsikiliza msimamizi kwanza, wakanisikiliza mimi. Msimamizi akarudia neno lake: kengele. Miwani akasema sawa, na tuisikie basi. Wasimwambie mtu, kazi iendelee kama kila siku.

Mimi nilisimama karibu na meza ya kukatia. Mlinzi mlangoni akabonyeza kitufe. Mkalimani, amesimama kando yake, akanionyesha kwa mikono: inalia. Nikawatazama wenzangu. Bibi, hakuna aliyeinua kichwa. Cherehani zinakwenda, mapangaboi yanazunguka, Mama Pacha anakata uzi kwa meno na kuanza kola nyingine. Mkalimani akanionyesha tena: bado inalia. Mlinzi kakaza kidole mpaka kimekuwa cheupe. Mpaka nilipokwenda mimi kumgusa Mama Pacha bega, nikamwonyesha mlango, ndipo alipozima cherehani yake, na wengine wakamfuata mmoja mmoja, wanashangaa. Ndipo waliposikia.

Sikumwona msimamizi akikasirika. Alikaa juu ya robota la kitambaa. Akaeleza, na mkalimani akanipa: alikotoka, karakana iliungua, na mwenzake mmoja hakutoka. Tangu hapo halali vizuri. Akanitazama mimi, si mkalimani, akasema, "Nilidhani nakuokoa wewe mmoja. Kumbe hatarini walikuwa wote."

Tukakaa meza moja, ile ya kukatia, vipande vya kitambaa tukavisogeza kando. Tulikubaliana nirudi kwenye cherehani yangu. Taa nyekundu ifungwe juu ya kila mlango, iwake pamoja na kengele. Na kila mmoja ajifunze alama chache: moto, toka, njoo, pole. Ile ya pole msimamizi aliiomba mwenyewe, akanitolea palepale, ameikosea kidogo lakini nimeipokea.

Jana Miwani alirudi kukagua. Taa ziliwaka na chumba kizima kikasimama. Amesema atakwenda na jaribio hilo kwenye karakana nyingine za mtaa huu, na kila anapokwenda analiita swali la bibi wa mtu. Umekuwa maarufu, usiringe.

Asante, Bibi. Kwa cherehani, kwa ngazi, kwa kuuliza.

Mjukuu wako,
Mke mdogo

19 Mei

Mke mwenzangu,

Marahaba mbili. Nimesoma barua yako, nimelia na kucheka kwa zamu. Nimemshukuru Mungu, nimemshukuru huyo mwanamke wa miwani, na nimemsamehe msimamizi. Mwambie kola zako azitazame ndani, ndiko kazi ilipo.

Kisha nikakaa nikalifikiria swali langu mwenyewe. Nikazima cherehani. Nyumba ikatulia. Nikamwambia mume wetu, nenda uani uniite kwa jina langu. Akauliza kwa nini, nikamwambia nenda tu. Akaenda. Nikasubiri. Nikasubiri, nikadhani kapitia kwa wenzake kuzungumza. Akarudi amefura, nikamsoma mdomo vizuri kwa mara ya kwanza: anasema ameniita mpaka majirani wamechungulia.

Hajaacha kukoroma, mke mwenzangu. Nimemuuliza jirani wa ukutani. Anasema anakoroma kuliko zamani.

Siku ile nililala na hofu. Kulipokucha nikajiambia, wengine wakifika huku wanafika peke yao, hawajui pa kukanyaga. Mimi nimetanguliwa na mtoto niliyemlea, na njia nzima ameshaitembea. Ni kitu cha kushukuru hicho, nami nashukuru. Alama zetu za nyumbani nazikumbuka, ya sindano, ya njoo, ya umeshiba? Mume wetu ndiye hajui hata moja. Wakati tunakulea alisema mikono yake ni mizito.

Njoo umfundishe. Mimi simwambii kitu, ananinunia.

Bibi yako,
Mke mkubwa

25 Mei

Shikamoo Bibi,

Hamjambo? Mimi mzima. Msimamizi amenipa ruhusa, na Mama Pacha ataitunza cherehani yangu.

Fundi wa umeme aliyefunga taa za karakana ameniundia moja ndogo ya mlango wenu. Mgeni akibonyeza kitufe, inawaka ndani. Babu mwambie aanze kunyoosha vidole, sitaki kusikia habari za mikono mizito, na mimi nikisema sitaki kusikia, sisikii kweli.

Hii usiijibu, nitakuwa njiani. Jumamosi asubuhi, usisubiri hodi. Kaa dirishani, utaniona nikija.

Mjukuu wako,
Mke mdogo