Taya Langu Limepona, Baba Minza

Baba Minza, uliyelala huko Segese na mguu wenye vyuma,

Neno "mpendwa" nililiandika, nikalifuta. Barua hii atakusomea dada yako Kabula, na nimemwambia asiisome kwa kunong'ona. Majirani wakitaka kusikia, wasogee.

Nianze na mema, isije ikasemwa nimeyasahau. Tulikutana msimu wa pamba, kwetu Kishapu, ulipokuja na lori la wanunuzi. Nilikuwa nimekaa juu ya magunia natafuna michembe, ukasema hujawahi kuona mtu anavunja viazi vikavu kwa meno namna ile na bado anaimba. Uliipenda sauti yangu. Ukanioa, ukanipeleka Segese, tukafungua karasha letu la kusagia mawe ya dhahabu, wewe kwenye injini, mimi nikilisha mawe. Jioni tulipokuwa weupe kwa vumbi ulinimwagia maji usoni polepole, ukiniita Milembe, jina langu la nyumbani. Maji yale nayakumbuka. Sikatai.

Halafu ukang'oa bati la kukinga mkanda wa mashine. Kila nilipokuomba ulirudishe ulisema linachelewesha kazi. Siku puli, gurudumu linalozungusha mkanda, ilipopasuka, hapakuwa na kitu kati ya chuma kile na uso wangu.

Hospitalini muuguzi aliuliza nimepatwa na nini. Nilimsikia vizuri, lakini kinywa kilijaa damu na taya la kushoto lilikuwa vipande vipande. Ukajibu wewe. "Ameanguka kwenye bodaboda." Uliogopa wakijua watalifunga karasha. Ukanitazama machoni wakati unasema, kwa sababu ulijua siwezi kukukanusha.

Walitoa mfupa uliosagika, kidonda kikatunga usaha, wakatoa na mwingine. Nikabaki na uso uliobonyea upande mmoja, uji wa mrija, na maneno yaliyotoka kama ya mlevi. Ukaanza kulia chakula kwa jirani. Wazee walipokuja kutusuluhisha, nilijaribu kuwaeleza habari ya bati, hawakunielewa, nawe ukaitafsiri kauli yangu mbele yangu: ukawaambia nasema nimechoka na ndoa, nataka kurudi kwa mama. Wazee wakatikisa vichwa. Mwezi haukuisha, mwanamke mwingine akawa anapika jikoni kwangu.

Nikaenda Shinyanga mjini, mama alikokuwa amehamia, na Minza mgongoni. Hujawahi kuuliza mtoto anakula nini.

Sasa sikiliza nilivyopona, maana najua ndicho unachotaka kusikia. Daktari wa meno hapa mjini alinituma hospitali ya rufaa, kwa mama mmoja anayeitwa Daktari Nyamizi, mpasuaji wa taya. Yeye na wenzake walikuwa wanafanya utafiti. Walinipiga picha za kichwa, wakachukua umbo la taya la kulia, wakaligeuza kwenye kompyuta lifanane na la kushoto, kisha mashine ikalichapa. Niliiona ikifanya kazi. Ncha yake ilitoa uzi mwembamba kama wa buibui, tabaka juu ya tabaka, wa plastiki ambayo mwili huweza kuiyeyusha, iliyochanganywa na unga wa madini yaleyale yaliyomo kwenye mifupa. Kipande kilikuwa na vitundu kila mahali, kama kichuguu kilichopasuliwa.

Daktari Nyamizi alikiweka kiganjani mwangu. "Hili ni jukwaa la mafundi tu," alisema. "Nyumba yenyewe itajengwa na mwili wako. Mfupa utaingia humu kwenye vitundu, na kadiri unavyokomaa, hiki kitayeyuka kiishe." Hakunificha kwamba huenda kikakataa. Mama alilia akaniomba nisikubali kujaribiwa. Nilikubali.

Wakanipasua, wakakipachika na kukishikilia kwa bamba dogo la chuma, wakakilowesha uboho waliouvuta nyongani mwangu. Nilivimba hadi jicho likafumba. Homa ilinishika, na katika homa ile nilikuwaza wewe, Baba Minza, kuliko nilivyomwaza Mungu. Nilijiambia sitakufa kabla sijasema.

Miezi ilipita. Kwenye picha pakaanza kuonekana weupe pale palipokuwa patupu. Siku daktari aliporidhika kwamba mfupa umeshika, aliniambia nitamke neno lolote nipendalo. Nikatamka jina lako, na la baba yako. Masanja Lubinza. Kila herufi ilitoka safi. Akauliza kama ni mume wangu. Nikamwambia ni mtu aliyenivunja taya, akanivunjia na maneno.

Tangu hapo hospitali imeniajiri kuzungumza na wagonjwa wapya wa utafiti, niwaeleze kwa lugha ya kwetu watakayopitia. Hapo ndipo Kabula aliponikuta. Alipiga magoti ukumbini, mbele za watu. Alisema umemtuma, kwamba gogo la kushikilia shimo la dhahabu lilikuangukia mguuni, mfupa ukaoza, wakakata kipande, na sasa wanasema mguu wote utaondoka. "Wifi, mwenzio anakatwa. Kamwombee kwa daktari."

Nilimwinua, nikampa chai. Nilikaa na ombi lako muda mrefu na nilifurahi nalo. Nilikuona akilini unajiburuta kwa magongo, huyo mwanamke wako anakula kwa jirani. Nakuambia ukweli, ilikuwa tamu.

Kisha nikaenda kwa Daktari Nyamizi nikakuombea. Usinishukuru, usiniambie wabeja, sijafanya hivyo kwa huruma. Amesema mguu hubeba mzigo mzito kuliko taya, pengine hautashika, lakini atakupima. Nilimweleza wewe ni nani. Akasema atakutibu kama mgonjwa mwingine yeyote, na kwamba historia yangu ni yangu, niisimulie nitakavyo.

Basi njoo. Kila mgonjwa lazima kwanza akae ukumbini anisikilize, na kila kliniki utakaa tena. Watakuweka benchi la mbele kwa ajili ya mguu. Nitasimama mbele yako nieleze taya langu lilivunjikaje, bati liling'olewa na nani, muuguzi aliambiwa nini, wazee walitafsiriwa nini. Nitakutaja kwa jina, nikuoneshe kwa kidole, kisha nitawaruhusu watu waulize maswali, nawe ndiwe utakayejibu. Wala hutaweza kuinuka ukaondoka.

Sikuombei heri wala shari. Nakuombea masikio.

Ni mimi,
Mama Minza, uliyemsemea