Bei za Nyuma ya Mulango

Mujukuu wangu Neema,

Huku Muheto tuko wazima. Ng'ombe ya mujomba wako imezaa, na fromaji yako, ile jibini unayopenda, iko inakungoja.

Nimeona karatasi ya bei za zamani za ile kampuni ndogo ya dawa. Unataka kuuza hisa zote baba yako alizokuachia, kwa sababu siku moja bei ilianguka nusu.

Mimi hisa sizijui. Lakini nilipokuwa musichana, kila soko mama yangu aliandika bei ya kitunga cha maharagi nyuma ya mulango, kwa kipande cha makala nyeusi ya jikoni. Mwaka moja akalazwa hospitali, akaniachia mavuno. Nikasoma mulango: bei imeanguka nusu! Nikakataa kuuza, nikangoja ipande. Wadudu wakakula yote. Mwaka ule sikurudi masomo.

Mama aliporudi hakunigombeza. Alichukua kitunga kidogo, nusu ya kile cha zamani, akakiingiza ndani ya kile kikubwa.

“Siku ile bei ilianguka njo tulianza kupimia hiki,” akasema.

Basi uliza kwanza kama siku ile kampuni iligawanya kila hisa kuwa mbili, kila moja kwa nusu ya bei. Mulango niliusoma vizuri sana, Neema. Vitunga vyote viwili vilikuwa miguuni pangu.

Koko wako