Ni Daktari, Baba

Kwako Baba,

Jana nimekipata kile kitabu chako, na safari hii kurasa za mwisho zimo. Nilizisoma nikiwa nimesimama pale pale sokoni Kakamega, mwenye vitabu akinitazama kwa jicho la kuuliza kama nanunua au sinunui. Nikalia mbele za watu, mtu mzima mimi.

Unakumbuka miaka ile ya tisini, presha ya macho ilipokunyima mwanga? Ulikuwa umestaafu ukalimani wa mahakama, unashinda barazani kwetu Shieywe. Mvua ya alasiri ikianza tu, unaniita, "Mama, leta mtu wetu." Mama ndiyo mimi, kwa kuwa nilirithi jina la mama yako. Mtu wetu alikuwa yule mwandishi wa riwaya za njama, aliyetoa vitabu kama kuku anavyotaga. Mimi nasoma, wewe unanikatiza kila ukurasa kuhoji mashahidi.

Kitabu hicho kilimhusu rais aliyepangiwa kifo na watu wa ikulu yake mwenyewe. Tangu sura ya pili ulikuwa umeshatoa hukumu.

"Ni daktari wake. Sikia vile anaongeanga. Mtu mwongo anakuwanga na haraka ya kumaliza. Nimewasikia miaka thelathini, Mama."

Wiki tatu nzima ukaniimbia wimbo huo huo. Niseme ukweli, nilikuchoka.

Siku ya kumaliza, vijana wenzangu wa kanisa walikuwa wananingoja langoni twende msituni Buyangu. Nikafunua sura ya mwisho, haipo. Bila shaka kurasa zake zilikuwa zimechanwa zikafungiwa njugu kabla hatujakinunua. Ningekwambia tu, tungecheka. Lakini ulikuwa umeshategesha sikio, na tabasamu lako la mtu anayejua ameshashinda. Nilitaka ushindwe mara moja tu. Nikakodolea macho jalada, nikatunga: msaliti ni jenerali, amekamatwa, rais amepona, mwisho.

Kisha ukasema, "Jenerali? Basi nimezeeka. Sisikii watu tena." Ukaanza kupapasa meza ukitafuta kikombe chako cha chai, na mimi nikakimbilia kwa wenzangu nikiwa na furaha ya mshindi.

Hukuniomba kitabu kingine. Nilipokuletea, ulisema tutasoma kesho. Mwezi haukuisha, tukakuzika kijijini kwetu, Butere. Watu walisema maskini, mzee alikwenda bila macho. Sikumwambia mtu kwamba masikio nilikunyang'anya mimi.

Ni daktari, Baba. Anakiri mwenyewe, kurasa mbili kabla ya mwisho. Ulikuwa umesikia vizuri kabisa.

Majuto ni mjukuu, nayajua. Ila kuna jambo moja linanikata maini tangu jana. Siku ile nilimaliza kitabu kizima kwa sentensi moja, mguu mmoja ukiwa tayari nje. Wewe, uliyewasikia waongo miaka thelathini, hukunisikia mimi? Na kama ulinisikia, mbona ulikubali umezeeka, ukaniacha niende zangu msituni nikicheka? Sijui nililie lipi.

Nimekinunua. Wakati nakuandikia, mvua imeanza barazani, na kiti chako bado kipo. Naenda kukaa kando yake nikusomee sura hiyo, Baba, polepole, hadi neno la mwisho.

Ni mimi Mama,
binti yako.